"Ngoja nijirekebishe kwanza": neema inaanzia wapi, na inadai nini

Walimu wa dini wa Masasi, Ndanda na Nachingwea wanayajua maneno haya. Wanayasikia kila wanapopita majumbani kuwatafuta waumini walioadimika kanisani: "Mwalimu, nitarudi tu. Ila ngoja nijirekebishe kwanza." Anayesema hivyo kwa kawaida hana dharau. Mara nyingi ni mtu anayemheshimu Mungu kiasi cha kuona aibu kumsogelea jinsi alivyo. Anakunywa, au anaishi na mwenza bila ndoa, au ameshitakiana na ndugu zake juu ya shamba la mikorosho, au ana jambo ambalo hata mkewe halijui. Anataka atengeneze mambo yake, ndipo aje.

Kijiji hicho hicho kina mwingine asiyekosa Jumapili hata moja. Yuko kwaya, michango analipa, na ukimgusia mwenendo wake wa Jumatatu hadi Jumamosi anakujibu, "Mungu anajua sisi ni binadamu." Amesema kweli, halafu akaifanya kweli hiyo kisingizio.

Wawili hawa wanaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanaiona neema, yaani wema wa Mungu ambao mtu hajaustahili, kama cheti kinachotolewa kulingana na tabia ya mtu. Wa kwanza anaamini hajafikia kiwango. Wa pili anaamini kiwango kimeshushwa. Mafundisho ya Kikristo hayamuungi mkono yeyote kati yao, na yanafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu wanaoumia kwa kutoyaelewa ni wengi. Na wa kwanza, kwa maoni yangu, ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa anaumia kimya kimya na kila mtu anamwona mnyenyekevu.

Upungufu wenyewe ni upi

Paulo anawaandikia Warumi kwamba "wote wamefanya dhambi, na kupungukiwa na utukufu wa Mungu" (Warumi 3:23). Hakuwatenga waliobatizwa, wala hakujitenga yeye mwenyewe. Anachokizungumzia kinazidi orodha ya makosa ya jana na juzi. Kipo kilichopinda ndani ya nia ya binadamu, na sura ya 7 ya barua hiyo inakitaja bila kuficha: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo."

Mtu wa Newala au Tandahimba hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kwaresima huja kati ya Februari na Aprili, wakati mabibo hayapo. Mtu anaahidi mbele ya altare kwamba pombe basi, na kweli anaiacha. Pasaka inapita, miezi inapita, nyumbani wanaanza kumwamini. Inafika Oktoba. Mabibo yanadondoka chini ya mikorosho, akina mama wanatenganisha korosho na tunda, matunda yanakamuliwa, maji yake yanachachuka na kuwa uraka, na fedha za mnada wa korosho zinaanza kuingia mfukoni. Jioni moja anakaa na wenzake, kikombe kimoja tu. Kesho yake asubuhi hawezi kumtazama mkewe usoni, na Jumapili hiyo haendi kanisani.

Ile ahadi ya Kwaresima haikuwa ya uongo. Aliitoa kwa moyo wake wote, na ni moyo huo huo ulioshindwa. Ukimwambia aahidi tena kwa sauti kubwa zaidi, umempa kazi ile ile kwa mikono ile ile iliyochoka. Anahitaji msaada unaotoka nje yake, na msaada huo huja pia kupitia mke, rafiki, padri, mchungaji, na mganga wa kituo cha afya anayejua kumsaidia mtu aliyetawaliwa na pombe. Kumtegemea Mungu hakujawahi kumaanisha kuwakataa watu aliowaweka karibu nawe.

Hoja ya Pelagio, na jibu la Mwafrika

Swali la nani anaanza, mtu au Mungu, liliwahi kulitikisa Kanisa miaka mingi kabla ya mmisionari yeyote kufika Lindi. Mwanzoni mwa karne ya 5 alikuwapo Roma mtu mwenye maisha ya kujinyima sana, Pelagio, mwenyeji wa Uingereza. Alichukizwa na Wakristo wa mjini walioishi ovyo huku wakisema udhaifu ni sehemu ya ubinadamu. Yeye akafundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana: ametupa hiari, ametupa sheria, ametupa mfano wa Kristo, basi mtu akitaka kweli anaweza kuishi bila dhambi.

Nikimsoma Pelagio namwelewa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha parokia akasikia "sisi ni binadamu" ikitumika kufunika fedha za ujenzi zilizopotea atamwelewa pia. Hasira yake ilikuwa ya haki. Dawa aliyoitoa ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu ilimwacha mtu dhaifu peke yake na amri.

Aliyempinga ni Augustino, askofu wa Hippo, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Augustino alikuwa amepitia ujana wa vurugu na alijua kutoka maishani mwake kwamba kujua lililo jema na kuliweza ni vitu viwili. Sala yake moja ilimkera sana Pelagio: nipe unaloniamuru, kisha niamuru utakalo. Pelagio aliona sala hiyo ni ya kizembe. Augustino aliona ndiyo sala pekee ambayo mtu mkweli anaweza kuisali.

Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago na kukataa fundisho kwamba neema kazi yake ni kufuta makosa yaliyopita tu. Walisisitiza kuwa ni msaada pia wa kutotenda dhambi kesho. Mtu akiliacha hilo anabaki na Mungu anayefuta ubao kila Jumamosi jioni, halafu anamwacha mtu ajitegemee wiki nzima.

Hatua iliyofuata ndiyo inayomgusa moja kwa moja yule wa "ngoja nijirekebishe kwanza". Tangu miaka ya mwisho ya Augustino, aliyekufa mwaka 430, walitokea watu wema, wengi wao watawa wa kusini mwa Ufaransa, waliojaribu kupita katikati. Walikubali kwamba mtu hawezi kumaliza safari bila Mungu, ila ile hatua ya kwanza, ile tamaa ya kurudi, aianze mwenyewe, na Mungu akimwona ameanza atamwongezea. Mtaguso wa Orange, yaani mkutano wa maaskofu uliofanyika huko huko Ufaransa mwaka 529, ukasema hapana. Hata mwanzo wa imani, hata ile hamu yenyewe ya kumtafuta Mungu, ni kazi ya neema ndani ya mtu.

Chukua hilo umpelekee ndugu yetu aliyekaa chini ya mwembe huko Chiungutwa akisema atarudi. Anadhani yuko nje ya neema, anajitengeneza ili aingie. Kumbe ile aibu inayomsumbua, ule usiku anaogeuka kitandani akiwaza maisha yake, ile "nitarudi" aliyomwambia mwalimu, vyote hivyo ni dalili kwamba Mungu amekwisha kuanza naye. Asingekuwa ameguswa asingejali. Yesu alipolaumiwa kwa kula na watoza ushuru alijibu, "Wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi." Mtu mwenye homa hasubiri ipoe ndipo apande gari kwenda Hospitali ya Ndanda.

Hili linaonekana hata ndani ya ibada. Katika Misa, sekunde chache kabla ya Komunyo, waumini wote pamoja na padri wanasema, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Maneno hayo yametoka kwa akida wa Kirumi katika Mathayo 8. Anayasema mwenyekiti wa parokia, anayasema mtawa wa miaka 50 utawani. Anayesubiri hadi astahili anasubiri kitu ambacho Kanisa zima linakiri kwa sauti kwamba halina.

Ni kweli Kanisa Katoliki linamtaka mwenye dhambi kubwa apite kwanza kwenye kitubio, yaani aungame kwa padri, kabla ya kupokea Komunyo, na wapo ambao kwa sababu ya hali ya ndoa zao hawapokei kwa wakati fulani. Hilo halimaanishi wabaki nyumbani. Kitubio ni mlango uliowekwa kwa ajili ya wasiostahili, na asiyepokea bado anaitwa kwenye Misa, kwenye jumuiya, kwenye sala.

Daftari la kangomba

Sasa nimgeukie yule wa kwaya, kwa sababu akisikia hayo yote atafurahi kupita kiasi.

Miezi ya mwanzo wa mwaka ni migumu Mtwara na Lindi. Chakula cha ghalani kimekwisha, mahindi shambani bado. Mwenye mtoto wa kupeleka sekondari au mgonjwa ndani anamwendea mwenye fedha, anapewa kidogo, anaandikwa kwenye daftari: jina, kiasi, kilo. Msimu ukifunguka, kilo zile za korosho zinabebwa kwa thamani iliyo chini mno ya bei atakayoipata jirani yake kwenye mnada wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Hiyo ndiyo kangomba. Serikali imeipiga marufuku, na msimu wa 2018/2019, korosho ziliponunuliwa na serikali kwa Sh 3,300 kwa kilo, nchi nzima ililisikia jina hilo. Huku Kusini lilikuwa linajulikana zamani.

Tuseme mwenye daftari ni Mkristo, na mahubiri fulani yamemkamata. Anakwenda kwa padri, anaungama. Daftari liko nyumbani kabatini, lina majina ya majirani zake, wengine wanasali naye benchi moja. Anauliza:

"Padri, nikiwarudishia wote ndipo Mungu atanisamehe?"

"Hapana, mzee wangu. Mungu hauzi msamaha, hata kwa korosho zako mwenyewe."

"Basi nimeshasamehewa, daftari nilichome?"

"Daftari usilichome hata kidogo. Utalihitaji kujua unamdai nani na unadaiwa na nani. Kuanzia leo, unaodhani wanadaiwa ndio wanaokudai."

Mazungumzo hayo nimeyatunga, lakini yanafuata Katekisimu ya Kanisa Katoliki: ondoleo linafuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeyasababisha, na aliyechukua cha mtu anatakiwa kukirudisha. Waanglikana na Walutheri watalisema kwa maneno ya Yohana Mbatizaji: "Basi zaeni matunda yapasayo toba."

Na habari ya Zakayo iko hapo kwa ajili ya mtu huyu hasa. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri wa fedha za watu. Yesu akamkuta juu ya mkuyu na kumwambia, "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Angalia mpangilio. Hakumwambia arudishe kwanza. Akaingia kwake, watu wakanung'unika, na ndipo mwenye nyumba akasimama: "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Neema ilitangulia, na ilipofika haikuiacha mali ya dhuluma ikae kimya. Tungeisoma habari hiyo tukaishia kwenye chakula, tungekuwa tumemdanganya Zakayo na kuwadhulumu wote aliowatoza.

Swali la mtu wa kwaya Paulo aliliuliza mapema: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!"

Walipogombana, na walipokubaliana

Katika karne ya 16 jambo hili liliwagawa Wakristo wa Magharibi, na mgawanyiko huo ulikuja na meli hadi kwetu. Martin Luther alisisitiza kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani pekee, na kwamba aliyeamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja: mwenye haki kwa sababu ya Kristo, mwenye dhambi akijitazama mwenyewe. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la 1547, ulikubali kwamba hakuna tendo la mtu linaloweza kuistahili neema ya mwanzo, lakini ukasisitiza kwamba neema inambadilisha mtu ndani kweli, na yeye anashirikiana nayo kwa hiari.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema pekee, wala si kwa stahili yoyote tuliyo nayo, na kwamba Roho anayetufanya upya anatuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Tofauti bado zipo. Lakini Mkatoliki wa Nyangao na Mlutheri wa Mtwara mjini wakibishana leo kwamba mmoja anaokolewa kwa matendo na mwingine kwa imani tupu, wanabishana juu ya kitu ambacho viongozi wao walikwisha kuandikiana sahihi.

Huku kwetu ukombozi una historia yake inayoshikika. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Zanzibar, akapitia Lindi, na kuanzisha kijiji Masasi pamoja na watu waliokuwa wameachiwa kutoka utumwani. Waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa hawakujinunua. Hawakuwa na cha kujinunulia. Ndipo walipoyasikia maneno ya Paulo, "mlinunuliwa kwa thamani", na nadhani waliyasikia kwa masikio ambayo sisi hatunayo. Kuachiwa ni jambo la siku moja. Kujenga, kulima na kuaminiana na wageni wenzao kulichukua miaka, na mwaka 1882 kijiji hicho kilishambuliwa na Wamagwangwara, yaani Wangoni, wengine wakachukuliwa mateka tena. Wakristo wanaodhani aliyekombolewa hapigwi tena waanze kusoma historia ya Masasi.

Kanisa lenyewe nalo halijawahi kuwa safi. Wapo wanaoacha kusali kwa sababu ya padri au mchungaji aliyeanguka, na wengine wana hofu: aliyenibatiza ameonekana alikuwa mtu mbaya, ubatizo wangu ni halali? Augustino alijibu hilo alipobishana na Wadonati wa Afrika Kaskazini, waliodai sakramenti ya mhudumu asiyestahili haina nguvu. Anayebatiza hasa ni Kristo. Mtoto wako hakubatizwa kwa utakatifu wa padri. Fundisho hilo linamlinda muumini. Halimlindi mhudumu, ambaye akimdhuru mtu anapaswa kujibu mbele ya Kanisa na mbele ya sheria kama mwingine yeyote.

Amri ya kuwa wakamilifu

Lakini Yesu hakusema "mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu"? Alisema, Mathayo 5:48, na amri haijafutwa. Ukiisoma na mistari iliyotangulia utaona anazungumzia kuwapenda adui, kwa kuwa Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Amri hii haimruhusu mtu yeyote kusema amefika.

Wamonaki Wabenedikto, waliofika Lukuledi mwaka 1895 na kuifungua Ndanda mwaka 1906, wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6. Sura ya 4 ya Kanuni hiyo ina orodha ya matendo mema zaidi ya 70: kuwalisha maskini, kutolipa baya kwa baya, kutopenda usingizi, kupatana na mliyegombana kabla jua halijachwa. Anayeisoma hadi mwisho anachoka, kwa sababu hakuna atakayeyatimiza yote wiki hii. Nadhani Benedikto aliliona hilo. La mwisho kabisa katika orodha hiyo ni kutokukata tamaa kamwe juu ya huruma ya Mungu. Amelihesabu kuwa kazi, sawa na zile nyingine.

Kwa hiyo aliyerudia uraka Oktoba ana kazi ya kufanya Jumapili inayofuata, nayo ni kwenda. Katika kwenda, aombe msaada kwa jina la tatizo lake, siyo kwa mafumbo.

Linabaki swali moja ambalo mwenye daftari atakutana nalo. Baadhi ya majina yale ni ya marehemu, na baadhi ya familia zilihama. Mafundisho ya Kanisa yanamwelekeza kwa warithi kwanza, na wasipopatikana, kwa maskini. Huenda asiweze kulipa yote hadi anakufa. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakurudisha hata kitu kimoja. Mikono yake ilikuwa imefungwa msalabani na saa zake zilikuwa zimekwisha, na bado aliambiwa leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Zakayo alikuwa na mikono, mali na muda, akavitumia. Mwenye daftari yuko upande wa Zakayo, na msimu unafunguliwa Oktoba.